Msichana wa Mwisho Mstarini

Jericho, Nairobi
Jumatatu

Kwa kaka yangu mpendwa Musyoka,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha wote. Uhali gani, kaka, na mgongo wako je? Bado unayainamia yale magogo kutwa nzima ama sasa umewaachia vijana kazi ya kuchonga? Wifi yangu Syombua hajambo? Mwambie kile kikoi alichoniletea Krismasi nakivaa mpaka watu wananiuliza kama sina kingine. Mama yetu anaendeleaje? Anakula vizuri, na bado anakataa miwani? Ndugu yetu Maingi na mkewe hawajambo, na kale kasichana kao Wanza, meno ya mbele yameota ama bado anacheka akifunika mdomo? Wote wasalimie mmoja mmoja, usiseme tu kwamba Ndindi anawasalimu wote, wataje.

Sisi huku hatujambo. Baba Kavinya yuko safarini na lori, alipiga simu kutoka Malaba akasema foleni haisongi na mbu wa huko ni wakubwa. Mwende yuko shuleni, amenipita urefu na anapenda kunikumbusha. Kavinya hajambo. Nimemtaja mwisho makusudi, kwa sababu barua hii ni yake, na ningeanza naye ningewasahau wengine wote.

Utauliza kwa nini naandika na simu ziko. Kwa simu ungenikatiza, kaka, unajijua. Na nyumba zetu hizi unazijua, ukipiga chafya jirani anakwambia afya. Tena mambo mengine mdomo wangu unayageuza katikati, mkono hauyageuzi. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kule gumbaru, kwenye masomo ya watu wazima, Kikamba changu ni cha kusema tu. Isome peke yako kwanza. Mama asisomewe. Na nakuomba uifikishe mwisho kabla hujakasirika.

Jambo lenyewe ni la wale mbuzi wa ntheo, mbuzi wa posa. Matheka anawaleta Agosti amfunge Kavinya kwa ajili ya mwanawe Mumo, na wewe ndiwe uliyesimama mwezi wa Desemba ukaongea kwa niaba ya nyumba yetu. Wazee walipouliza kama kuna ugonjwa wowote unaomfuata msichana, ulisema hakuna. Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia ya chai, nikakusikia. Sikukulaumu. Ulisema vile tulivyokubaliana, mimi na wewe na mama. Lakini Jumamosi iliyopita limetokea jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla hujakutana na Matheka sokoni Wamunyu. Mkikutana hujui, aibu itakuwa yako, na sitaki.

Unajua Kavinya anacheza michezo ya jukwaani. Mwanzoni mimi sikupenda. Nilidhani ni vile vikundi vya kuzunguka mashuleni, halafu vinakwisha. Havikuisha. Kiongozi wao anaitwa Phares, alikuwa mwalimu, ni mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Tangu Pasaka wanatayarisha mchezo mmoja kwenye ukumbi wa mtaa, na mchezo huo ndio umeninyima amani.

Ni habari za Amerika, mtaa mmoja wa mji wa New York unaoitwa Brodwei, zamani za miaka ya ishirini. Phares alinieleza nikiwa pale sokoni napima mahindi ya muthokoi, na wateja wakasimama kusikiliza. Alisema mtaa huo ulikuwa na majumba ya michezo yamepangana kama maduka, na taa nyingi mpaka usiku watu wanasoma gazeti barabarani. Alisema ndio miaka ile Pumwani inajengwa na babu zetu wanatembea mjini na kipande cha mkoloni shingoni, na huko ng'ambo watu wa rangi yetu walikuwa wanapanda jukwaani kuimba na kucheza, na wazungu wanalipa kuwaona. Lakini ndugu zao wenyewe wakija kutazama wanapelekwa kule juu darini, viti vya nyuma kabisa. Na wachezaji wakimaliza, wanatokea mlango wa jikoni. Mwenye kupigiwa makofi saa hiyo hiyo hana hoteli ya kumpa kitanda.

Nilimuuliza Phares mama zao walikuwa wapi. Akafikiri, akasema hilo hajalikuta kitabuni.

Basi nyumbani ikawa ni viatu. Wachezaji wa Brodwei walikuwa na viatu vyenye chuma chini, kidoleni na kisiginoni, wanapiga ngoma kwa miguu. Fundi wa viatu wa hapa nyuma akamtengenezea Kavinya jozi, na tangu siku hiyo sakafu yetu haijapumzika. Akipika, anapiga. Akisubiri chai ichemke, anapiga. Khavere anayeishi chini yetu alipanda kuniuliza kama tumeanza kufuga farasi. Na mimi, kaka, kila viatu vikilia natulia, na kila vikikatika ghafla naacha nilichoshika. Nasikiliza kama ataanguka. Unajua kwa nini. Hajaanguka tangu akiwa darasa la sita, dawa aliacha kwa ruhusa ya daktari, lakini sikio langu halijawahi kupewa ruhusa.

Halafu nguo. Wale wasichana wa Brodwei walivaa gauni fupi la kung'aa, limejaa nyuzi zinazoning'inia zikirukaruka. Kitambaa nilikitafuta kwa Nurto, yule rafiki yangu Msomali anayeuza vitambaa upande wa Majengo. Nurto alikitazama kipimo nilichompa, akanitazama mimi, akasema kwao hicho hakitoshi hata kufunika kichwa. Akacheka mpaka akakaa. Lakini akatoa kizuri, na shanga akatoa bure, nikazitunga mwenyewe kama tulivyofundishwa na mama. Nilitunga nikilalamika.

Sasa sikia Jumamosi. Mumo, kijana mzuri yule, karani kule kortini Makadara, alijisikia fahari akamwalika mama yake aje kumwona mkwe wake akicheza. Mama Mumo, Ndete, unamkumbuka, yule mrefu asiyecheka haraka. Nikasikia anakuja. Nikafikiri lile gauni. Nikafikiri atarudi Wamunyu aseme amemwona mke wa mwanawe mapaja nje. Nikasema nitaenda, nitakaa karibu naye, na nitabeba leso kubwa ili mchezo ukiisha tu nimfunike mtoto wangu kabla hajasalimiana na mtu.

Tukakaa mstari wa mbele, mimi, Mama Mumo na Mumo. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mchezo ulianza vizuri, na nikuambie kweli, nilisahau gauni. Waliimba, kaka. Palikuwa na mwanamke mmoja wa mchezo anayeimbia wazungu wimbo wa furaha, na ametoka kupata habari kwamba dada yake amekufa, na hawezi kuacha kuimba kwa sababu akiacha watamtoa kazini. Mama Mumo alitoa kitambaa chake. Nikajua tuko salama.

Ndipo wakatoka wasichana. Wanakuja wameshikana mabega, mstari mmoja, miguu inapanda pamoja na kushuka pamoja, na vile vyuma vinalia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kavinya alikuwa wa mwisho upande wangu. Mara nikaona mguu wake umechelewa. Wenzake wamegeuka kushoto, yeye amebaki kulia. Watu wakacheka. Akajaribu kuwafuata, akakosea tena, wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Nilishika kiti.

Halafu magoti yakaanza kugongana. Mkono mmoja ukajikunja kifuani. Na macho, kaka, macho yakaenda juu na pembeni. Wewe ndiwe uliyembeba mgongoni mpaka zahanati ile siku ya kwanza kabisa, unayajua yale macho. Nilikuwa sijayaona tangu alipokuwa mdogo, na bado niliyajua kama ninavyojua mlango wangu gizani.

Sikumbuki kupanda jukwaani. Nakumbuka niko juu, kikoi kimenifungana miguuni, na napiga kelele waziwazi mbele ya ukumbi mzima, "Zimeni taa! Mtoto wangu ana kifafa!"

Nimeandika hilo neno. Miaka yote hatukulitaja ndani ya nyumba, mimi nikalitaja pale.

Nilimshika, nikamlaza ubavu kama nesi alivyotufundisha, nikalegeza gauni shingoni, nikamfunika na leso ili watu wasimwone akitetemeka, nikaweka kichwa chake mapajani. Na watu, kaka, watu walikuwa wanapiga makofi. Wanacheka na kupiga makofi na kupiga miluzi, wanadhani mimi ni wa mchezo. Mama wa Kikamba na leso amevamia Brodwei, wameona hakuna kizuri zaidi. Nikawatukana moyoni. Nikainama kumsikiliza mtoto kama anapumua.

Kavinya chini ya leso akaninong'oneza, "Mathe, niko sawa. Ni dansi. Usiniachilie bado."

Sikuelewa. Nilimshika tu kama alivyosema, nikimwangalia macho, nayo yalikuwa yametulia yananiangalia. Halafu akanifinya mkono, akainuka na ile leso mabegani, na muziki ukarudi, na akacheza. Zile hatua alizokuwa anakosea zote akazirudia, upesi kuliko wenzake, safi kuliko wenzake, mpaka wale wengine wakasimama kando wakampisha. Mimi nimekaa sakafuni katikati ya Amerika, viatu vinalia kunizunguka, na nalia.

Baadaye Phares alinieleza, akishika mikono yangu. Alisema huo ulikuwa mtindo wa Brodwei zamani hizo. Katika mstari wa wasichana, wa mwisho ndiye mchekeshaji. Anajifanya hajui, anapotea, anapepesa macho, watu wanamcheka, na mwishoni ndiye anayerudi peke yake na kuwashinda wote. Alisema wasichana wetu weusi walipata jina kwa nafasi ile ya mwisho, kwa sababu hakuna aliyewatarajia. Kila mtu ukumbini alijua ni mchezo, au alielewa kidogo kidogo. Ni mimi peke yangu niliyemwona mgonjwa. Na akaniomba niwe napanda kila Jumamosi, vile vile, na leso. Nikamwambia mimi ni muuza muthokoi.

Watu walinishika mkono mlangoni, wananiita mwigizaji. Khavere alisema hakujua nina kipaji, amenisamehe mambo ya farasi. Lakini kuna mmoja ambaye hakupiga makofi, na nilimwona hata nikiwa kule juu. Mama Mumo alisimama kando ya ukuta amekumbatia mkoba wake. Alikuwa ananiangalia mikono. Alisema tu kwamba atanitembelea kesho yake baada ya kanisa.

Kaka, ile Jumapili sikusikia mahubiri. Nilikuwa natafuta la kumwambia. Na nikuambie nilichokipata, nilipata kitu chepesi sana. Ukumbi wote uliamini ni mchezo. Phares mwenyewe alitaka nirudie kila Jumamosi. Ningesema tu, Mama Mumo, tulipanga, si uliona watu walivyofurahi. Basi. Neno lako la Desemba lingebaki limesimama, mbuzi wangekuja, hakuna ambaye angejua. Nilitoka kanisani nimelishika hilo kama mtu aliyeshika yai.

Kavinya nilimkuta anachagua maharagwe. Nikakaa tukachagua pamoja, na nikamuuliza lile lililokuwa linanikereketa zaidi. Mtu akipatwa na kifafa hajioni. Yeye alikuwa mtoto, alikuwa hayupo kabisa. Sasa yale macho, ule mkono wa kifuani, aliyajua wapi? Nani alimwambia, ni Mwende? Ni watu wa shule walikuwa wanamwigiza?

Aliendelea kuchagua. Kisha akasema, "Ni wewe, Mathe. Nimekuiga wewe."

Nikamwambia sijawahi. Akanikumbusha zahanati. Kila tulipokwenda, daktari ni mpya, na kila daktari aliuliza inakuwaje akianguka. Na mimi maneno ya kidaktari sina, basi nilisimama nikawaonyesha. Magoti hivi, mkono hivi, macho hivi. Kavinya amekaa kwenye benchi miguu haifiki chini, ananitazama. Aliniambia hajawahi kuuona ugonjwa wake hata siku moja, alichokiona ni mama yake akiucheza mbele ya watu wenye koti jeupe, bila kuona haya, ili mtoto apate dawa. Akasema Phares alipompa nafasi ya msichana wa mwisho, wengine walifikiria vichekesho vya televisheni. Yeye alifikiria benchi lile.

Kisha akasema Mumo anajua. Alimwambia tangu walipoanza kusemezana, kabla ya wewe na wazee kukaa. Mumo alimuuliza tu, siku ikitokea, afanye nini na mikono yake.

Kaka, mimi nilikuwa nimekurupuka jukwaani kumwokoa mtoto na ugonjwa, na kumbe niliyemwona pale ni mimi mwenyewe.

Mama Mumo alikuja jua likiwa kali. Nilimpa chai, akanywa, akasifu chapati, akauliza hali ya lori na Malaba. Kavinya alitoka kwenda dukani, nadhani kwa heshima. Ndipo akaweka kikombe chini akaniuliza, si kwa ukali. Alisema yeye amelea watoto sita na amezika wawili, na anajua mkono wa mama unavyomgeuza mtoto anayekufa. Alisema, "Mama Kavinya, niambie kama mwanamke mwenzangu. Ule ulikuwa mchezo?"

Lile yai lilikuwa mkononi, kaka. Nilifungua mdomo nilitoe, na halikutoka.

Ndiyo habari hii niliyokuwa naizunguka tangu salamu. Nilimwambia kweli yote. Tena sikumwambia kwa mdomo, maana maneno yalinikimbia kama yalivyokuwa yananikimbia kwa madaktari. Nilisimama pale katikati ya nyumba, kati ya meza na kabati ya vyombo, nikamwonyesha. Magoti hivi. Mkono hivi. Macho hivi. Nikamwonyesha jinsi ya kumlaza ubavu na kutomtia kitu mdomoni, kwa sababu nilifikiri, akimchukua, lazima ajue. Nikamwambia ugonjwa uliisha akiwa darasa la sita, huenda usirudi, huenda ukarudi, na kwamba Desemba tuliuficha sote, si wewe peke yako.

Mama Mumo akaisukuma chai kando. Halafu akasimama, akaomba nimwonyeshe tena pale pa kumgeuza, na mimi nikalala sakafuni akanigeuza yeye. Wanawake wawili wazima, kaka, na nguo za kanisa.

Akiondoka alisema hajui Matheka atasemaje, Matheka ana kichwa chake, na yeye hatamficha mumewe. Lakini alisema jambo moja, nami nalileta kwako kama lilivyo. Alisema atanyamaza mpaka Jumamosi hii. Kabla ya hapo angependa Matheka alisikie kwa Musyoka, kwa sababu ni Musyoka aliyesema hakuna, na yule aliyesema hakuna akirudi mwenyewe kusema kuna, mzee anaweza kumsikiliza. Akilisikia kwa mwingine, mbuzi watabaki zizini kwake.

Ndivyo ilivyo. Nimelivunja neno lako bila kukuuliza. Najua ni vigumu kwa mwanamume kurudi mlango ule ule aliotokea na sifa. Sikulazimishi. Lakini Kavinya amesema mbuzi wakija juu ya lile la Desemba, hatakula nyama yao, na unajua maana ya msichana kutokula, ni kuikataa ndoa. Anampenda Mumo. Hawezi kulala vizuri, anajifanya yuko sawa, anapiga viatu. Hata sasa ninapoandika anavipiga hapo veranda.

Vimenyamaza. Ngoja nikamwangalie.

Nimerudi. Alikuwa anakunywa maji.

Phares amepita tena leo asubuhi. Mabango yamebandikwa mpaka Makadara, na amenichora, kaka, mama na leso, bila ruhusa yangu. Nimemwambia nitapanda Jumamosi. Baba Kavinya nilipomwambia kwa simu aliuliza tu nitavaa nini. Naogopa. Siwaogopi watu. Kavinya ameniambia nisiwe na wasiwasi, akiwa anacheza atanifinya kidole nikimshika, na nisipofinywa nijue si mchezo. Hayo ndiyo makubaliano yetu. Basi nitakuwa nimekaa pale mbele na leso mapajani, nikingoja macho yake yageuke, na mpaka nipande nimshike mkono sitajua.

Ningependa nikipanda niwe najua upande mmoja angalau, ule wa kwako. Ukikubali kwenda kwa Matheka, nenda mapema wiki hii, na umwachie mama aendelee kutojua mpaka nije mwenyewe. Ukikataa, sema pia, nitamwambia mtoto mimi.

Msalimie mama, msalimie Syombua, Maingi na mkewe, na Wanza mwambie shangazi yake wa Nairobi siku hizi anacheza Brodwei, ataelewa akiwa mkubwa. Kaa salama, kaka, na mgongo uupake mafuta.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Ndindi, mama Kavinya

Hata kama ni neno moja, mpe dereva wa basi, au piga simu useme hilo moja tu. Lakini kabla ya Jumamosi, tafadhali. Fanya upesi.